Mwalimu wa Kwaya Aliyeombea Bara Zima: Maisha ya Enoch Sontonga



Kamati ilipokaa kupanga kijitabu hiki, tulikubaliana kwamba pamoja na historia ya kwaya yetu na picha za viongozi, tuweke pia maisha ya mtu mmoja ambaye kila mwimbaji wa kwaya anafaa kumjua. Majina yaliyotajwa yalikuwa mengi. Kuna aliyetaka mmisionari, kuna aliyetaka mmoja wa watunzi wa Ulaya ambao nyimbo zao tunaziimba kila Krismasi. Mwishowe tulimchagua mwalimu wa shule ya misheni aliyefariki akiwa kijana wa miaka thelathini na kidogo. Hakuacha mali. Kaburi lake lilisahaulika kwa takriban miaka 90. Lakini majirani zetu wa Tanzania wakisimama kuimba wimbo wao wa taifa, sauti wanayoimba ni yake. Jina lake ni Enoch Mankayi Sontonga.

Kuzaliwa na masomo

Sontonga alizaliwa mwaka 1873 hivi, katika mji wa Uitenhage, upande wa mashariki wa Rasi, nchini Afrika Kusini. Mji huo siku hizi unaitwa Kariega. Wazazi wake walikuwa Waxhosa, na Kixhosa ndicho alichokuja kukitumia kuandikia wimbo wake.

Alisomea ualimu katika chuo cha Lovedale, kilichoendeshwa na wamisionari wa Kiskoti. Hapa tusimame kidogo, kwa sababu jina la Lovedale lina uhusiano na sisi Wakenya. Mkuu wa chuo hicho, Dkt. James Stewart, ndiye aliyeongoza msafara uliokuja mwaka 1891 kuanzisha misheni ya Kiskoti kule Kibwezi, ambayo mwaka 1898 ilihamia Kikuyu. Kwa hivyo mkono uleule uliokuwa ukisimamia masomo ya vijana kama Sontonga ulipanda mbegu ya Injili pia katika nchi yetu. Wanaosema kwamba makanisa ya Afrika ni ndugu hawakosei.

Katika shule za misheni za wakati ule, vijana walifundishwa kuimba kwa sauti nne na kusoma noti za solfa, zile zile za do, re, mi ambazo mwalimu wetu hutuandikia ubaoni kila tunapoanza wimbo mpya. Solfa haikuhitaji piano wala karatasi yenye mistari. Mwalimu akiwa na chaki na sauti yake, alikuwa na kila kitu. Ndivyo uimbaji wa kwaya ulivyoenea haraka kusini mwa Afrika, na baadaye huku kwetu.

Mwalimu katika mji wa dhahabu

Mwaka 1896 Sontonga alitumwa kufundisha katika shule ya misheni ya Methodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa sehemu hizo mwaka 1886, miaka kumi tu kabla ya yeye kufika. Mahali palipokuwa nyika palikuwa pamegeuka mji wa migodi, na wanaume walitoka mbali kwenda kuchimba. Waliacha wake, watoto na mifugo nyumbani, wakaishi kwa kubanana kambini, wakafanya kazi ya hatari kwa mshahara mdogo. Waafrika hawakuwa na sauti katika serikali, na ardhi ilikuwa ikiwaponyoka mikononi.

Hao ndio watu ambao watoto wao walikaa mbele ya Mwalimu Sontonga darasani. Mchana alifundisha. Alikuwa pia mhubiri msaidizi kanisani, na alijipatia riziki ya ziada kwa kupiga picha. Juu ya hayo yote alikuwa mwalimu wa kwaya. Wale kati yetu wanaofundisha shule na bado wanafika mazoezini jioni wakiwa na vumbi la chaki kwenye nguo wataelewa siku zake zilivyokuwa.

Alioa binti wa mchungaji, Diana Mgqibisa, ambaye baba yake alihudumu katika Kanisa la African Methodist Episcopal. Walijaliwa mtoto mmoja wa kiume.

Sontonga aliwatungia wanafunzi wake nyimbo, maneno na sauti, na kuziandika kwa mkono katika daftari la kawaida la shule. Nyingi zilikuwa za huzuni. Alikuwa akiona mateso ya watu kila siku, na hakujifanya hayaoni. Lakini aliyapeleka mateso hayo mahali pamoja tu, mbele za Mungu.

Wimbo wenyewe

Mwaka 1897, akiwa na umri wa miaka 24 hivi, aliandika ubeti mmoja na kiitikio. Wimbo huo ndio Nkosi Sikelel' iAfrika. Ni sala. Unamwomba Mungu alibariki bara la Afrika na asikie maombi ya watu wake, na katika kiitikio unamwita Roho Mtakatifu ashuke. Haumtaji mtawala yeyote, haulaani adui, wala hautaji kabila. Mwalimu mmoja wa watoto wa wachimba migodi aliinua macho yake, akaliombea bara zima ambalo sehemu kubwa yake hakuwahi kuiona.

Kwa miaka miwili wimbo ulibaki wa shule na kwaya yake. Mara ya kwanza kuimbwa hadharani ilikuwa mwaka 1899, katika ibada ya kumwekea mikono Mchungaji Boweni, mmoja wa watumishi wa kwanza wa Kishangaani katika Kanisa la Methodisti. Tuliposoma jambo hili kwenye kikao cha kamati tulitazamana. Ni ibada ngapi za kuwekea mikono ambazo kwaya yetu imeimba? Tunapanga mistari, tunapewa nafasi ya wimbo mmoja kabla ya mahubiri, halafu tunaketi. Wimbo wa Sontonga ulianza hivyo hivyo, kwenye ratiba ya ibada, katikati ya mambo mengine.

Mwaka huo huo wa 1899 vita kati ya Waingereza na Makaburu vikaanza, na havikwisha mpaka 1902. Amani iliyofuata haikuwaletea Waafrika haki waliyoitazamia.

Kifo chake na daftari lililopotea

Sontonga alifariki tarehe 18 Aprili 1905, akiwa na miaka 32 hivi. Alizikwa katika makaburi ya Braamfontein mjini Johannesburg, kwenye sehemu waliyotengewa Waafrika Wakristo. Alikufa bila kujua kwamba wimbo wake ungevuka hata mpaka wa mji ule.

Walimu wa kwaya nyingine walizijua nyimbo zake na kuzipenda, wakawa wanakuja kwa mjane wake kuazima lile daftari. Diana hakuwa na uwezo. Inasimuliwa kwamba aliuza haki za wimbo huo kwa senti sita za Kiingereza. Alifariki mwaka 1929, kabla ya kuona taifa lolote likiuchukua wimbo wa mumewe. Daftari nalo liliazimwa huku na kule, na inasemekana mwishowe liliishia mikononi mwa bibi mmoja wa ukoo, aliyekuwa mpenzi mkubwa wa ndondi kule Soweto. Bibi huyo alipofariki, daftari halikuonekana tena. Nyimbo zilizokuwa ndani yake zilipotea nalo.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa palikuwa na daftari, nalo lilipotea pia, kwa sababu hakuna aliyekaa chini akanakili.

Kutoka kwaya hadi taifa

Waliouokoa wimbo ule mmoja ni waimbaji. Tarehe 8 Januari 1912, viongozi wa Waafrika walipokutana Bloemfontein kuunda chama ambacho baadaye kiliitwa African National Congress, wimbo wa Sontonga uliimbwa baada ya sala ya kufunga. Mmoja wa viongozi wa chama hicho, John Dube, alikuwa mchungaji na mwanzilishi wa shule ya Ohlange kule Natal. Kwaya ya Ohlange iliuimba katika matamasha mjini Johannesburg, watu wakaushika.

Mwaka 1923 Sol Plaatje, mwandishi na katibu wa kwanza wa chama hicho, aliurekodi kwenye sahani ya santuri mjini London, huku Sylvia Colenso akimpigia piano. Mwaka 1925 chama kikaufanya wimbo wake rasmi wa kufungia mikutano. Mwaka 1927 mshairi mkubwa wa Kixhosa, Samuel Mqhayi, akaongeza beti saba juu ya ule mmoja wa Sontonga. Mwaka 1942 Moses Mphahlele akatoa maneno ya Kisotho.

Halafu wimbo ukaanza safari ya kuja kaskazini. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, iliuchukua kwa maneno ya Kiswahili, ukawa Mungu Ibariki Afrika. Zambia iliitumia sauti hiyo hiyo ilipopata uhuru mwaka 1964. Zimbabwe iliuimba tangu 1980 hadi 1994, na Namibia iliutumia kwa muda mfupi baada ya uhuru wake wa 1990. Mwalimu aliyezikwa bila kelele alikuwa sasa anaimbwa na marais, majeshi na watoto wa shule, katika nchi ambazo hazikuwepo alipokuwa hai.

Lakini nyumbani kwake haikuwa hivyo. Chini ya ubaguzi wa rangi wimbo rasmi wa Afrika Kusini ulikuwa mwingine, na kuimba wa Sontonga kulimtambulisha mtu kuwa mpinzani. Watu waliuimba mazishini, kwenye mikutano na magerezani. Sala iliyotungiwa watoto wa shule ikawa pia wimbo wa kuwazika waliouawa. Ilichukua muda mrefu kujibiwa, na wengi waliouimba hawakufika mwisho wa safari.

Mwaka 1994, Nelson Mandela alipoapishwa, nyimbo zote mbili zilikuwa nyimbo za taifa, wa zamani na wa Sontonga. Mwaka 1997 ziliunganishwa kuwa wimbo mmoja wenye lugha tano: Kixhosa, Kizulu, Kisotho, Kiafrikaans na Kiingereza. Muziki wa ule wa zamani ulikuwa umetungwa na mchungaji pia, Marthinus de Villiers. Mhubiri msaidizi Mwafrika na mchungaji wa Makaburu, ambao hawangeruhusiwa kuketi benchi moja, leo wanaimbwa kwa pumzi moja. Wako wasiofurahia muungano huo mpaka sasa, na tunaelewa sababu. Hata hivyo unaimbwa.

Kaburi lapatikana

Nchi ilipotaka kumpa heshima yake, ilibainika kwamba hakuna aliyejua kaburi lake liko wapi. Watafiti walitafuta katika vitabu vya makaburi ya Braamfontein bila mafanikio. Mwishowe waligundua kosa lilikuwa wapi. Walikuwa wakitafuta jina la Sontonga, kumbe karani wa wakati ule alikuwa amemwandika kwa jina la Enoch tu, kama ilivyokuwa desturi kwa Waafrika wengi. Gazeti la zamani lililotangaza kifo chake liliwasaidia kuipata tarehe.

Tarehe 24 Septemba 1996, Siku ya Urithi nchini humo, kaburi lilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Rais Mandela mwenyewe alifunua mnara uliojengwa hapo, na Sontonga akapewa nishani ya juu ya nchi, iliyopokelewa na mjukuu wake. Chanda chema huvikwa pete, hata kama pete yenyewe imechelewa miaka 91.

Na sisi je?

Sisi Wakenya tunao wimbo wetu, Ee Mungu Nguvu Yetu, nao pia ni sala. Ulitayarishwa kwa ajili ya uhuru wa 1963 na kamati ya watu watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Sauti yake ilitoka kwa Wapokomo wa Mto Tana, katika wimbo wa kubembelezea watoto. Majina ya hao watano tunayo. Jina la mama wa kwanza aliyeketi mlangoni akambembeleza mwanawe kwa sauti ile, hakuna aliyeliandika. Kila tunaposimama wima Siku ya Jamhuri, tunamwimbia yeye pia bila kujua.

Tunalisema hili kwa sababu maandalizi ya Jubilei hii yametutia aibu kidogo. Tulipofungua kabati la kwaya kutafuta historia yetu, tulikuta madaftari matatu ya kumbukumbu za vikao, na moja kati yao mchwa walikuwa wameshalila nusu. Picha ya waanzilishi ipo, ila kati ya waimbaji kumi na wanne waliosimama pale tumeweza kupata majina ya tisa. Wimbo tunaoufungulia kila sikukuu ya mavuno, ambao wageni hutuuliza tumeutoa wapi, ulitungwa na mmoja wa waanzilishi hao. Hatuna hakika ni nani. Mama mmoja wa sauti ya pili anasema ulikuwa na beti nne. Sisi tunaimba mbili, kwa sababu hizo ndizo tunazozijua.

Hatumlaumu mtu. Ofisi ya katibu ni yetu, na kabati ni letu. Tunakiri tu kwamba kilichompata Sontonga kwa miaka 90 kinaweza kutupata kwa miaka 50, bila vita na bila ubaguzi, kwa uzembe wetu tu wa kusema tutaandika kesho.

Kwa hivyo tunawaomba mambo matatu. Kwanza, yeyote mwenye daftari la nyimbo, picha, kanda au barua ya kwaya hii, hata kama imechakaa, alete baada ya ibada. Tutapiga picha na kumrudishia siku hiyo hiyo. Pili, wazee wetu walioimba miaka ya mwanzo, tafadhali pitieni meza iliyo karibu na mlango wa kwaya. Picha ya waanzilishi iko hapo, na kalamu ipo. Mkimtambua mtu, tuandikieni jina lake, majina yote mawili. Tatu, vijana wa kwaya, kila wimbo mpya mtakaotunga, andikeni chini yake jina la mtunzi na tarehe, hata kama mnaona ni wimbo mdogo wa ibada moja tu. Sontonga naye aliandika ubeti mmoja na kiitikio.

Tunamshukuru Mungu kwa mtumishi wake Enoch, na kwa waimbaji ambao hawakuacha wimbo wake ufe. Tunamshukuru kwa waanzilishi wetu kumi na wanne, wale tunaowajua na wale watano ambao yeye peke yake anawajua kwa sasa. Leo tukifika kwenye wimbo wa mavuno tutauimba kwa heshima yao, beti zote mbili. Na kama yuko kanisani anayezikumbuka hizo mbili nyingine, tafadhali asiende nyumbani kabla hatujaonana.

Mungu aibariki Kenya, aibariki Afrika, na aibariki kwaya yetu kwa miaka mingine 50.

Katibu, kwa niaba ya Kamati ya Kwaya